TAA ZA GEREJI: TUBADILI KWA AKILI, TUSIBADILI KWA PUPA

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wafanya kazi wa reli na mafundi wa magari, Kenol



Tumepewa kazi ya kusema juu ya taa. Labda wako watakaouliza: Je, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na taa? Kazi ya chama si mshahara, likizo na kiinua mgongo? Twawajibu hivi: mshahara hupokewa kwa mkono, na mkono huo hulindwa na jicho, na jicho haliwezi kufanya kazi pasipo nuru. Sisi watu wa reli twalijua jambo hili tangu siku ya kwanza ya kazi. Kwetu taa ni amri. Taa nyekundu ikiwaka, gari la moshi lenye mabehewa ishirini husimama. Mtu akikosea taa, watu hufa. Basi si ajabu watu wa reli kusema habari za taa.

Sisi tunaosema ni watu watatu, na maneno haya tumeyaandika pamoja, ndiyo sababu twasema "sisi". Kazi yetu ni kwenye reli hii ya Nanyuki, iliyolala miaka mingi ikafufuliwa mwaka 2020. Stesheni yetu ya karibu ni Makuyu. Siku zetu za mapumziko twafanya kazi katika gereji moja hapa Kenol, kwa sababu watoto wanasoma na karo haingoji. Ninyi nyote mwaujua mji huu. Ulipata jina lake kutoka kituo cha mafuta, na tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa ni magari: malori yapandayo Sagana, Karatina na Nyeri, matatu za Murang'a, na pikapu za mananasi na maembe. Gari likiharibika usiku, hutengenezwa usiku. Kwa hiyo gereji za hapa hukesha, na taa zake hukesha nazo.

Gereji tunayoitaja ilikuwa na makasha manane ya taa chini ya mabati, na kila kasha lilikuwa na tyubu mbili za futi nne, zile za florosenti, yaani tyubu nyeupe zenye choki na stata. Kila mmoja wenu anazijua. Ukibonyeza swichi, hupepesa mara tatu, mara nne, ndipo huwaka. Asubuhi za baridi mwezi wa Julai, hasa kwa wenzetu wa Kiganjo na Naro Moru, hupepesa mpaka mtu akachoka kungoja. Tyubu ikizeeka, ncha zake huwa nyeusi, na choki hulia kama nyuki.

Sasa tuwaeleze jinsi tulivyoanza kuyafikiri mambo haya. Hatukuyaanza kwa ajili ya hesabu ya umeme. Tuliyaanza kwa sababu ya kidole.

Usiku mmoja kijana mwenzetu, ambaye leo ameketi hapa katikati yenu na ametupa ruhusa kusimulia, alikuwa ananoa patasi kwenye mashine ya kunoa. Alimaliza, akageuka kumjibu dereva, kisha akarudi mezani. Nje lori lilikuwa linanguruma, hakuweza kuisikia mashine. Akalitazama jiwe, akaona alama iliyo ubavuni mwake inajongea polepole kabisa, kama jiwe lililo karibu kusimama. Akanyosha mkono kulishika. Jiwe halikuwa karibu kusimama. Lilikuwa katika mbio zake zote, kwa maana hakuna aliyekuwa ameizima mashine. Akapoteza ncha ya kidole cha shahada.

Watu wengi walisema ni uzembe. Wengine wakasema alikuwa amelewa, naye hajapata kunywa pombe maishani mwake. Sisi tulikaa tukaulizana: mtu mwenye macho mazuri aonaje kitu kinachokwenda mbio kama kinachosimama? Tukamwendea fundi mmoja wa umeme, mtu mzima, akatueleza, nasi tukayathibitisha kwa macho yetu.

Maelezo yake ni haya. Umeme wetu wa Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Tyubu ya florosenti yenye choki ya zamani hung'aa na kufifia kila umeme unapokwenda na kila unaporudi, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni kufifia huko kwa kuwa ni kwa haraka mno. Lakini mashine ya kunoa huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, ndiyo karibu mara 50 kwa sekunde. Basi kila taa inapong'aa, jiwe limekwisha zunguka karibu nusu ya duara, upungufu ni mdogo tu. Jicho hulikuta jiwe karibu mahali pale pale, mara kwa mara, na likaja kumdanganya mwenye jicho kwamba jiwe linajikokota. Mashine ya kutoboa na mashine ya kukereza zaweza kufanya vivyo hivyo, na pangaboi la injini pia. Kijana wetu hakuwa mzembe wala mlevi. Taa ilimwambia uongo, naye akaiamini.

Ndugu, hili tunataka mlikumbuke kuliko yote tutakayosema leo. Mtu akiumia kazini, tusikimbilie kumlaumu kabla hatujatazama juu.

Baada ya hapo tulimwendea mwenye gereji tukamwomba abadilishe taa, aweke tyubu za LED. Taa hizi hazina gesi wala zebaki ndani yake. Zina vipande vidogo sana ambavyo umeme ukipita hutoa nuru, na juu yake mna unga wa kuigeuza nuru ya buluu iwe nyeupe. Wajapani watatu kwa asili, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi yao ya kutengeneza LED ya buluu, kwa maana bila ile ya buluu, hii nyeupe isingepatikana kwa urahisi.

Mwenye gereji hakushughulika sana na habari ya kidole, bali alitaka hesabu. Tukampa hesabu. Tyubu ya zamani ya futi nne hula wati 36, na choki yake nayo hula. Watu wa umeme huhesabu kama wati 45 kwa zote mbili. Tyubu 16 ni wati 720. Tyubu ya LED ya urefu ule ule hula kama wati 18. Tyubu 16 ni wati 288. Taa zikiwaka saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, za zamani hula uniti 224 na zaidi, na za LED hula uniti 90. Basi kila mwezi zabaki uniti 134, na kwa mwaka zaidi ya 1,600. Bei ya uniti hatuitaji kwa kuwa hubadilika, lakini kila mmoja anaweza kuzidisha mwenyewe kwa risiti yake. Mwenye gereji alipozidisha, alikubali siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo tulipokosea sisi, na lazima tuseme, kwa maana mficha maradhi kifo humwumbua. Hatukuita fundi mwenye leseni. Tulisema: tyubu ni tyubu, ya zamani yatoka, mpya yaingia, kuna nini hapo? Tukapanda ngazi siku ya Jumapili mchana, na swichi kuu hatukuizima, kwa sababu mtu mmoja alitaka kuchaji simu. Tulikuwa tumepitisha waya moja kwa moja bila choki kwenye kasha la kwanza, na tyubu tuliyonunua ilikuwa ya namna ile inayopokea umeme kwa ncha zote mbili, waya wa moto huku na waya wa nyutro kule. Mmoja wetu akaingiza ncha moja, na kwa mkono wa pili akawa ameshika pini za ncha nyingine. Umeme ukapita ndani ya tyubu ukamfikia. Alianguka kutoka ngazini juu ya boneti ya pikapu. Ile boneti ndiyo iliyomwokoa, maana chini palikuwa na saruji na vyuma. Mwenye pikapu alilipwa boneti yake, nasi tulipata adabu.

Kwa hiyo sikilizeni mambo tuliyojifunza kwa maumivu, ili ninyi mjifunze bila maumivu.

Jambo la kwanza. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya ukutani peke yake. Kisha pimeni kwa testa kabla ya kugusa. Swichi ya ukutani yaweza kuwa imefungwa kwenye nyutro na mtu aliyefanya kazi kwa haraka, na hapo taa huzimika lakini moto umo.

Jambo la pili. Tyubu za LED si za namna moja. Iko inayokaa na choki ya zamani, na stata hutolewa ikawekwa ile iliyokuja pamoja na tyubu, ambayo ndani yake ni kama fyuzi tu. Iko inayotaka choki iondolewe kabisa. Iko ya kupokea umeme kwa ncha moja, na iko ya ncha mbili. Someni karatasi iliyo katika sanduku. Choki za kisasa za elektroniki zina mambo yake, na tyubu nyingi hazikubaliani nazo. Kama karatasi hakuna, au sanduku halina jina la mtengenezaji, rudisheni dukani.

Jambo la tatu. Kasha likibadilishwa waya, andikeni juu yake kwa rangi: LED TU. Na kama ni ya ncha moja, tieni alama upande wenye umeme. Sisi tutastaafu au tutahamishwa, kisha siku moja atakuja kijana asiyejua, atie tyubu ya zamani katika kasha jipya, au aingize tyubu mpya kinyume. Hapo kwaweza kutokea mlipuko wa cheche machoni pake. Maneno mawili ya rangi yatamwokoa mtu ambaye hamtamwona kamwe.

Jambo la nne. Si kila LED ni njema. Ziko za bei rahisi ambazo nazo hufifia mara 100 kwa sekunde sawasawa na za zamani, pengine vibaya zaidi. Mkinunua hizo, mmetumia fedha na jiwe la kunoa litaendelea kuwadanganya. Pimeni dukani: elekezeni kamera ya simu kwenye taa inayowaka, mkiona mistari myeusi inapita kwenye kioo cha simu, iacheni. Vile vile tikiseni kalamu mbele ya nuru, mkiona kalamu nyingi zilizokatika badala ya kivuli kimoja cha mfululizo, iacheni.

Jambo la tano. Ndani ya shimo la kukagulia magari msitie taa ya kawaida, iwe ya zamani au LED. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukatulia shimoni, na cheche moja yatosha. Shimoni pana taa zake maalumu zilizofungwa kabisa, na taa ya mkono iwe ya volti ndogo, 12 au 24, si 240. Katika jambo hili msikubali kubembelezwa na mtu yeyote.

Sasa twaja kwenye tyubu za zamani mnazozitoa. Sisi tulizisimamisha nyuma ya gereji, kumi na sita, tukasema atapita mwenye kuokota vyuma azichukue. Jioni watoto wa jirani walizikuta, wakafanya mchezo wa panga. Kishindo cha tyubu ikipasuka huwafurahisha watoto. Tulipofika walikuwa wamevunja saba, na mmoja alikuwa ameketi juu ya vigae akichora kwa ule unga mweupe.

Ndani ya kila tyubu ya florosenti mna zebaki. Ni kidogo, miligramu chache, lakini tyubu za zamani zilikuwa na nyingi zaidi, na zebaki ni sumu ya ubongo na ya figo, na watoto huumia kuliko watu wazima. Huko Japani uko mji uitwao Minamata. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ule ukatambuliwa rasmi: watu walitetemeka, wakapofuka, na watoto walizaliwa viwete. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki yaliyofanywa mwaka 2013 yalipewa jina la mji huo. Na lazima tuwaambieni jambo la kututia moyo: nchi za Afrika ndizo zilizosimama mbele katika mapatano hayo kudai kwamba taa zenye zebaki zikomeshwe, ili bara letu lisigeuzwe jaa la taa ambazo wengine hawazitaki tena. Mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, ilikubaliwa kwamba utengenezaji na biashara ya tyubu hizi baina ya nchi na nchi vikome hatua kwa hatua, mwisho wake mwaka 2027. Basi kubadilisha taa si shauri la kupenda tu. Yule asiyebadilisha kwa hiari atabadilisha kwa kukosa tyubu madukani.

Tyubu ikipasuka, fanyeni hivi. Ondoeni watu, fungueni milango na madirisha, ngojeni dakika 15. Msifagie kwa ufagio, maana ufagio huirusha zebaki hewani. Zoeni vigae kwa karatasi ngumu, futeni unga kwa kitambaa kibichi, tieni vyote katika mtungi wenye kifuniko, kisha oshene mikono. Zile nzima ziwekwe katika sanduku zilimotoka zile mpya, zifungiwe, zikabidhiwe kwa wenye kibali cha kupokea takataka za hatari. Zisitupwe shimoni, wala zisichomwe, wala zisiachwe nyuma ya gereji kama tulivyofanya sisi.

Bwana Mwenyekiti, tunakaribia mwisho, nalo ndilo neno la chama hasa.

Taa mpya zilipokwisha wekwa, safari hii na fundi mwenye leseni, nuru ilikuwa nzuri. Waya nyekundu na waya wa kahawia zilionekana mbalimbali hata saa nane za usiku. Mwenye gereji akafurahi, akasema: Kwa kuwa taa hizi ni kali hivi, ya nini makasha manane? Manne yatatosha, na fedha itabaki mara mbili.

Tulikataa. Tulimwambia kwa heshima kwamba ukali machoni si wingi wa nuru. Tyubu mpya ya zamani ya wati 36 hutoa nuru nyingi kuliko LED ya wati 18, lakini huitupa pande zote, nusu yake ikaenda kwenye mabati na kwenye utando wa buibui. LED huishusha chini tunakofanya kazi. Ndiyo sababu yatosha ikiwa moja kwa moja. Ukipunguza nusu, vivuli vitarudi chini ya magari. Akabisha. Basi tulizima makasha manne usiku ule, tukamwomba alale chini ya lori asome namba iliyo kwenye spana. Alilala, akaangalia, akanyamaza, akatoka akasema: Washeni.

Hatukuishia hapo. Tuliuliza: Uniti hizi 134 zinazobaki kila mwezi, zimebaki kwa sababu ya nini? Zimebaki baada ya kidole cha mtu. Si haki zote ziingie mfuko mmoja. Tukakubaliana kwamba akiba ya miezi ya kwanza inunue kinga ya mashine ya kunoa, miwani ya kazi kwa kila fundi, na swichi nyekundu ya kuizima mashine iliyo karibu na goti, pamoja na taa ya peke yake juu ya meza ile. Mambo hayo yamefanyika. Mkipita mtayaona.

Sheria nayo iko upande wetu, ila sheria haitembei bila miguu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke nuru ya kutosha na ya kufaa mahali pa kazi. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, yataka iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanya kazi. Na Sheria ya Malipo ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yahusu hata fundi wa gereji ndogo. Kijana wetu hakujua kwamba ana haki ya kudai. Alidhani ncha ya kidole ni hasara yake mwenyewe. Alipojua, chama kilimsaidia kuandika, na sasa shauri lake liko njiani.

Basi twaomba mkutano huu upitishe maneno matatu. Kwanza, kila tawi lihesabu taa za mahali pake pa kazi, liandike zilizokufa, zinazopepesa na zilizo juu ya mashine zinazozunguka. Pili, mahali popote taa zinapobadilishwa, afanye fundi mwenye leseni, na idadi ya makasha isipunguzwe kabla wafanya kazi hawajaulizwa. Tatu, sehemu ya akiba ya umeme irudi kwa wale wanaofanya kazi chini ya taa hizo, kwa njia ya vifaa vya kuwalinda.

Ndugu, babu zetu walifanya kazi katika reli hii kwa taa za mafuta ya taa, na wengi walirudi nyumbani bila vidole, wakaambiwa ndiyo bahati ya kazi. Sisi hatutaki bahati ya namna hiyo. Twataka kuona tunachokishika. Leo usiku mtakaporudi kazini, kabla hamjashika spana, inueni macho mwitazame taa iliyo juu yenu, kisha mwulizane: hii yasema kweli?

Umoja ni nguvu.